Muziro wa Uongo na Chungu cha Mama Mkwe

Siku niliyokwenda kwa mara ya kwanza nyumbani kwa akina Kemilembe, kule Kishanda, bado naikumbuka, mjukuu wangu, hata shati nililovaa. Nakusimulia kwa sababu nimesikia umeacha nyama, na mama yako analalamika kwamba hajui sasa unakula nini. Njia hiyo niliipita kabla yako, nami nilianza kwa kujikwaa.

Shule niliiacha mapema, ila kuuliza sikuacha. Nilizunguka sana. Nilichoma matofali, nikachuma kahawa za watu Rubafu, ambako ndiko nilikompata Kemilembe akiwa kwa ndugu zake, mwishowe nikawa utingo wa lori la ng'ombe. Ukisafiri na ng'ombe, ukamnywesha, ukamwinua anapoanguka asikanyagwe na wenzake, unamzoea. Siku moja tuliletewa supu njiani, ikanishinda kumeza. Tangu hapo nyama yoyote ikanitoka moyoni. Sikumwambia mtu, hata Kemilembe. Kwetu kijana akisema hali nyama, watu hudhani amerogwa.

Basi nikaenda Kishanda kujitambulisha. Baba yake, Ta Ishengoma, alikuwa mzee wa maneno machache na macho mengi. Nyasi mbichi zilitandazwa sebuleni, nikapewa kahawa ya kutafuna kama mgeni wa heshima, kisha chakula kikaletwa juu ya jani la mgomba. Walikuwa wamechinja mbuzi kwa ajili yangu. Mzee akachagua kipande kinono kwa mkono wake, akaninyooshea.

Mwanangu, hofu ni mshauri mbaya. Ningeweza kusema ukweli, lakini niliogopa wataona ninawadharau. Nikakimbilia mahali ambapo kila Mhaya hukubaliwa bila maswali.

"Waitu, Ta, mnisamehe," nikasema kwa adabu. "Kwetu mbuzi ni muziro."

Unajua kila ukoo una mnyama wake ambaye haumli, na mtu halazimishwi kula muziro wake. Mzee akairudisha nyama pale pale. "Muziro ni muziro," akasema, nami nikapumua.

Ndipo mama yake Kemilembe, Ma Anastazia, akasimama mlangoni na bakuli mkononi.

"Umesema mbuzi?"

"Ndiyo, Ma."

"Hata kwetu nilikozaliwa mbuzi haliwi. Mimi huwapikia hawa, sionji." Akanitazama vizuri. "Wenye muziro mmoja ni damu moja. Basi wewe ni kaka yangu, na huyu Kemilembe ni mpwa wako."

Ta Ishengoma akafuta vidole vyake taratibu. "Ulikuja kutafuta mke, umepata dada. Si haba."

Sikucheka. Kemilembe alikuwa ameinama, anakunja ncha ya khanga yake. Desturi haina mchezo: watu wa muziro mmoja hawaoani, wala mjomba haoi mpwa wake. Nilibaki na njia mbili, kuutunza uongo nimkose, au kuukana nifukuzwe. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale pale kwenye nyasi.

"Waitu, nimedanganya," nikasema. "Mbuzi si muziro wetu. Ni mimi tu sili nyama, ya mnyama yeyote." Nikawaeleza habari za lori na ng'ombe mpaka mwisho.

Mzee alisogeza jani la chakula pembeni. Kisha akasema, "Kutokula nyama si kosa. Kosa ni kuwasingizia babu zako waliolala. Ungesema 'sili', ningekasirika mpaka jioni, basi." Akanishika mkono juu ya kiwiko, akaupima kama mtu anayepima mche wa kahawa. "Na huko kutokula nyama, unakula nini?"

"Ndizi, Ta."

"Ndizi na nini?" akauliza Ma Anastazia.

"Na chumvi. Asubuhi chai."

Mama yule alicheka mpaka akaketi. "Mama wee! Ndiyo maana shingo imekuwa kama ya korongo. Umetoa nyama chunguni, ukaacha pengo. Nani amekufundisha kupika ndizi peke yake, kama chakula cha mgonjwa?"

Akaniletea chakula cha chungu chake mwenyewe, kile alichojipikia siku zote wenzake walipokula mbuzi. Zilikuwa ndizi zilizopikwa pamoja na maharage mpaka zikashikana, mchicha pembeni, na njugu mawe za kuchemsha. Nilikula mpaka nikaona aibu.

"Nenda kale hivyo," akasema Ta Ishengoma. "Ukirudi na mwili wa kushika jembe, tutaongea. Binti yangu simwozi kwa fimbo ya kuanikia nguo."

Nilirudi kwa shangazi yangu, nikajifunza kupika, nikapanda maharage yangu chini ya migomba. Tulipokwisha kuyavuna, nikaenda tena Kishanda. Mzee aliupima mkono wangu, kisha akamwita mkewe: "Leta kahawa. Mkwe amekuja." Kemilembe ndiye huyo bibi yako. Yeye anakula dagaa wake, mimi maharage yangu, na hatujawahi kugombana juu ya sahani.

Sasa sikia. Usitoe kitu chunguni bila kuweka kingine. Kila siku kula maharage, kunde, choroko au njugu. Hizo ndizo zitashika nafasi ya nyama. Mboga za majani zisikosekane, na tunda, na parachichi ambalo hapa linaozea chini. Punguza polepole, tumbo lizoee. Kama utaacha pia samaki, maziwa na mayai, nenda ukaulize zahanati habari za vitamini B12, maana shambani hutaipata, na ukiikosa damu na mishipa ya fahamu huumia. Mjamzito na mtoto mdogo wasijaribu bila ushauri wa wataalamu. Na ukiwa ugenini sema ukweli mapema, kabla mtu hajachinja.

Mungu akujalie afya, mwanangu. Shamba lako lizae, jiko lako lisizime, na kila mlango utakaobisha ukute watu wanaokukaribisha jinsi ulivyo.