Fundi Anayepima Betri kwa Mizani ya Unga

Saa mbili asubuhi, kabla hajafungua dirisha la kibanda chake, fundi simu anaweka betri juu ya mizani ndogo ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki. Anainama, anasoma, anaguna.

"Imeandikwa mAh elfu sita, uzito kama ya elfu tatu," anasema. "Hizo nyingine zimekaa wapi? Hewa haiwashi simu."

Wateja humwita Mama Mizani, na jina halimuudhi. Ana miaka kumi na minne kwenye kazi hii, na mingi kati ya hiyo aliuza betri "kubwa" kama wenzake, kwa kuamini maandishi.

Mwaka jana alimuuzia mkunga wa mtaa betri moja ya aina hiyo, akamwapia kwamba itakaa siku mbili. Ilizima jioni ileile, huku simu ikionyesha asilimia arobaini. Mjamzito alimpigia mkunga mara tisa bila kumpata. Mtoto alizaliwa salama, mikononi mwa bibi yake.

"Mkunga hakunigombeza. Aliiweka betri hapa mezani akasema, 'Mwanangu, wewe ndiye uliyeniapia.' Angenitukana ningepata nafuu."

Aliona aibu mpaka akakosa usingizi. Tangu hapo hauzi betri asiyoipima. Akishajua uzito, huijaza chaji, huifunga kwenye simu yake kuukuu na kucheza video ya harusi ya mdogo wake, tena na tena, hadi simu izime.

"Shemeji nimeshamwona akiingia ukumbini mara mia," anacheka. "Bado anajikwaa palepale."

Kati ya betri ishirini na tatu alizopima, nne tu zimeishinda betri halisi iliyokuja na simu, ikiwa mpya, na iliyoongoza imezidi kwa saa moja na nusu. Moja alipoibandua karatasi ya juu, alikuta nyingine chini yake yenye namba ndogo.

"Nzuri zipo, nisiseme uongo. Ila mtu mwenye betri iliyochoka akifunga mpya yoyote ataona muujiza. Si ukubwa huo, ni upya."

Majirani zake wanamcheka kwamba anauza kwa mwendo wa kinyonga. Yeye ameshaziba masikio. Mwezi ujao atatundika ubao mlangoni wenye kila betri na saa zake, hata zile alizokataa kuuza.

Mchana, mkunga anaingia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Fundi anamkabidhi betri yenye maandishi ya kalamu: hudumu saa kumi na moja na nusu.

"Siku mbili zimeishia wapi?" mkunga anauliza.

"Hazikuwepo, mama. Safari hii siapi, nimepima."

Mkunga anaigeuza betri, anaisoma tena, kisha anavuta kigoda na kukaa.

"Haya, nifungie. Na namba yako niandikie ukutani kwangu. Ikizima kabla ya saa hizo, mwenye uchungu nitamwelekeza kwako."

Fundi hacheki. Anachukua bisibisi.