Mzizi wa Upande Mmoja

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, kule Kitangari, mama yangu alipoamka shavu limevimba hata uji haupiti. Jino. Mjomba Hamisi, mdogo wake, aliyempenda kuliko alivyojua kusema, alishika jembe bila kunawa uso akakimbilia kichakani. Mimi na bibi yangu, Bi Somoe, tukamfuata kwa mwendo wa bibi.

Tulimkuta ameng'oa mdaa mzima. Mdaa, mwanangu, ndio ule ambao mizizi yake wanawake walisugulia meno, midomo ikabaki na wekundu. Na fizi zikiuma, tulisukutua maji yake yaliyochemshwa. Mjomba alikuwa ameubeba begani, majani yanaburuzika, anatweta kama aliyeua nyati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakwenda kujengea?"

"Dawa ya dada hii!"

"Dada yako anaumwa jino moja, wewe umebeba dawa ya kijiji. Mwakani likimuuma la pili utachimba nini? Shimo?"

Mjomba akacheka, kisha akaacha kucheka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: Bi Somoe alipiga magoti kwenye mdaa mwingine, akapapasa udongo kwa kiganja. Upande wa machweo ulikuwa laini, maana yake mtu alishachimba hapo. Akachimba upande wa mawio, akakata mzizi mmoja mwembamba, akafukia, akashindilia kwa kisigino.

"Mizizi inayobaki ni ya mgonjwa tusiyemjua," alisema. "Ukiimaliza, umemwibia mtu aliye kitandani."

Mama alisukutua, akapata nafuu ya kufika Newala, jino likang'olewa hospitali. Bibi hakuwa mtu wa kushindana na daktari. Mjomba naye aliurudisha ule mdaa shimoni, akawa anaumwagilia maji ambayo enzi zile tuliyafuata bondeni na kuyabeba kichwani. Ulinyauka hivyo hivyo.

Siku hizi nikipita Kitangari nakitafuta kile kichaka kwa macho. Ni mikorosho, safu kwa safu. Siilaumu, ndiyo iliyowasomesha ninyi. Lakini natamani harufu ya udongo ule. Natamani hata majina: mimea mingine bibi aliitaja kwa Kimakonde, nami nimebaki na jina bila mti wa kulielekezea.

Ndiyo maana uliponipigia simu kutoka Masasi kuniambia kwamba vijana wanaanza kufyeka pori letu la Mkunya Jumatatu, niliukumbuka ule mdaa wa mjomba. Kwenye kona ya mteremkoni mdaa bado upo, nimeuona mwenyewe. Ipo na mimea mingine ambayo pengine hata wanaosomea dawa hawajaijua kazi yake. Ikishang'olewa hatutajua tulichopoteza, na kwangu hilo linauma kuliko kujua.

Basi sikia, mwanangu. Panda mikorosho yako, ila kona ile waambie vijana wasiiguse. Akiba haiozi. Ukiumwa, nenda hospitali, usizubae. Ukihitaji mzizi, muulize anayeujua, chukua wa upande mmoja, fukia. Na kabla ya Jumatatu njoo unichukue kwa bodaboda, nikuonyeshe mpaka wa kona hiyo ningali natembea.

Mungu akujaze mavuno, mvua ikukute umeshapanda, na watakaozaliwa kwako wakute kitu kimesimama. Amina.