Mtoto Niliyemwambia Aimbe Bila Sauti

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso unanichoma. Nakuita mwanangu ingawa mimi mwenyewe bado sijaolewa, na wazee wa hapa Soweto, Mbeya, wakinisikia watacheka. Lakini ukishafundisha shule ya Jumapili, kila mtoto unamwona wako. Basi kaa hapa nikusimulie.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasuka nywele kwenye kibanda cha mama mmoja sokoni, na Jumamosi nafundisha kwaya ya watoto kanisani. Mimi ni mtu wa ndoto, hilo silikatai. Kichwani mwangu kwaya yetu ilikuwa imesharekodi video: watoto wamevaa sare za njano, wamesimama kwenye mashamba ya chai, wanayumba pamoja kulia na kushoto. Kwa hiyo tulipoalikwa kwenye mashindano ya kwaya za watoto kule Iringa, nililala nikitabasamu.

Sasa, kulikuwa na mtoto mmoja, Atupele, aliyeishi na bibi yake jirani na kanisa. Sauti yake ilikuwa nzito, na haikukubali kwenda na wenzake. Wenzake wakipanda, yeye anashuka. Wakinyamaza, yeye bado yupo, anamalizia kwa raha zake, macho kayafumba. Hakukosa mazoezi hata mvua ya baridi inyeshe vipi. Ningeweza kukaa naye nikamfundisha taratibu, ila nilikuwa na haraka ya kushinda. Wiki ya mwisho nikamwita pembeni, nyuma ya kinanda.

“Atu, siku ile wewe fungua mdomo tu,” nilimwambia. “Usitoe sauti. Sauti yako inaharibu wimbo.”

“Sawa, mwalimu.”

Alicheka kidogo, nami nikajiambia hajaumia.

Iringa tulishinda. Waamuzi walisifu jinsi sauti zilivyolingana. Atupele alikuwa mstari wa nyuma, mdomo ukifunguka na kufungika vizuri kabisa. Jumapili iliyofuata mchungaji akanisimamisha mbele ya watu, nikasema sifa zote ni za Bwana. Nililisema hilo kwa upole, kichwa nimekiinamisha. Moyoni, mwanangu, nilikuwa nazipokea zote mwenyewe.

Bibi yake Atupele alifurahi mjukuu kusafiri, akanialika chakula. Alipika wali na maharage, akanipa kiti chenye mto, wao wakakaa kwenye mkeka. Mimi nikataka kumwonyesha bibi kazi yangu, nikamwambia Atupele atuombee.

Akafumba macho. Midomo ikaanza kucheza, sauti hakuna. Nikadhani anaona aibu, nikangoja. Midomo ilicheza kwa muda mrefu, ikatulia, akafumbua macho akavuta sahani yake. Bibi akanieleza kwamba tangu tutoke Iringa mtoto anaomba hivyo, asubuhi na usiku, na yeye alidhani ndiyo mtindo mpya tunaowafundisha. Nikamuuliza Atupele kwa nini haombi kwa sauti. Yaani niliuliza tu, lakini jibu nilishalijua.

“Si inaharibu?” alisema. “Sikutaka Mungu aisikie.”

Bibi akaweka bakuli chini. Aliniangalia, akamwangalia mjukuu wake, akaniangalia tena. Afadhali angenigombeza.

“Mwalimu, mwanangu,” alisema, “mimi nilimleta mtoto kwa Mungu. Sikujua nimemleta kwako.”

Nikakiweka kijiko pembeni. Nikaanza kumwomba bibi msamaha, akanikatiza. Akasema yeye hana cha kunisamehe, mwenye nacho yuko pale anatuangalia. Basi nikashuka kwenye kile kiti, nikapiga magoti kwenye mkeka mbele ya Atupele. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyeharibu, kwamba nilitaka watu wanisifu, na kwamba Mungu hakunituma nimnyamazishe. Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa.

“Kwa hiyo niombe hata kama inaharibika?”

“Hata kama.”

Alifikiri kwanza. Kisha akafumba macho, na ile sauti nzito ikatoka. “Yesu, asante kwa wali. Na mwalimu usimkasirikie sana, amesema hatarudia. Amina.”

Bibi akaitikia amina, akaongeza ndaga fijo, ndiyo asante ya kwao Rungwe, kisha akasema tule, wali umeshakuwa barafu. Nilikula. Kila tonge lilinishinda, lakini nilikula.

Siku hizi Atupele anasimama mstari wa mbele, na wenzake wakipanda bado anashuka. Mashindano yaliyofuata hatukupata kitu. Kwenye basi la kurudi nilijikuta namtazama kwa jicho baya, kidogo tu, nikageukia dirishani kwa aibu. Kwa hiyo usidhani ugonjwa huu nimeupona. Naamka nao, naomba, naendelea.

Basi nisikilize. Ukisimama kuimba au kuomba, usimtafute anayekutazama. Kuinamisha kichwa ni rahisi, hata mimi niliinamisha. Kazi ni kumwachia mwenzako nafasi yake mbele za Mungu, hata kama wimbo wako utapungua uzuri. Ukimkosea mdogo wako, mwombe msamaha yeye mwenyewe, usipitie kwa mkubwa wake. Na siku mtu akikuambia sauti yako haifai kwa Mungu, hata awe mwalimu wako, hata niwe mimi, usimsikilize. Endelea kuomba.

Bwana akulinde mwanangu, ulalapo na uamkapo. Akupe moyo wa kushuka chini bila kusukumwa. Na kila utakapomwita, akusikie mpaka neno la mwisho. Amina.