Lori la Harusi Halirudi Nyuma

Kumazaki Tokuji aliendesha lori la magogo katika milima ya Hida kwa miaka ishirini na miwili, na theluji haikuwahi kumshinda hata siku moja. Ikianza tu kuanguka, alishuka, akafunga minyororo kwenye magurudumu ya nyuma kwa vidole vitupu, kisha akapanda mlima huku akitafuna tonge lake la wali. Mtu wa namna hiyo ungedhani hana la kuuliza watu. Lakini baridi ile alikuwa anamwoza binti yake Sumie kwa mara ya pili, na akili zikamruka.

Kwetu lori linalopeleka vyombo vya bi harusi halirudi nyuma. Likirudi hata shubiri moja, bi harusi naye atarudi kwao. Katika harusi ya kwanza ya Sumie, baba mtu mwenyewe akiwa kwenye usukani, lori lilirudi hatua tatu kumpisha ng'ombe. Miezi minane baadaye Sumie akarudi. Mumewe alikuwa mlevi aliyekwisha kuuza hata mlango wa choo, lakini kijiji kizima kilikubaliana kwamba mkosaji ni ng'ombe.

Sasa alikuwa amepatikana Hosoe, mgane mpole anayetengeneza tofu ya soya. Mama yake alisema mapema, bila kupepesa: "Nitasimama langoni. Lori likirudi nyuma, nanyi rudini nalo." Na lango lenyewe liko juu ya mteremko mkali kama paa la nyasi. Kalenda ilikuwa imetoa siku moja tu ya heri, na theluji imefika kiunoni.

Basi Kumazaki akashinda wiki nzima akichagua cha kuyavisha magurudumu.

"Si minyororo, Baba?" aliuliza Sumie akimenya figili. "Ndiyo unayoijua."

"Mnyororo hukatika, mwanangu."

"Wako ulikatika lini?"

"Haujakatika. Ndiyo maana naogopa."

Akamwendea jirani, Bi Otane, aliyeijua mikosi yote kwa majina. Vipi matairi ya misumari?

"Misumari ni ya jeneza. Kwani unamwoza au unamzika?"

Majivu ya kumwaga njiani, je?

"Majivu ni ya waliochomwa."

Chumvi?

"Chumvi tunajirushia tukitoka mazikoni! We mzee, mtoto wa watu amekukosea nini?"

Mchanga haukuwa na mkosi wowote, lakini Bi Otane aliomba apewe siku mbili autafutie.

Mwishowe akachagua kamba ya mabua mapya ya mpunga, kama ile inayotundikwa hekaluni. Alisokota siku tatu, akaizungushia magurudumu, akaifunga kwa fundo la harusi, lile ambalo likishafungwa halifunguki. Madereva wenzake wakaja kutazama.

"Kumazaki, lori lako limevaa ndara!"

"Na liende hivyo hivyo. Kwani nyie mlialikwa?"

Siku ikafika. Teksi ya bi harusi ilikataa mlima, kwa hiyo Sumie akapanda lori na mavazi yake meupe, akaketi kando ya baba yake. Minyororo hupiga kelele hadi meno yacheze, lakini kamba haikutoa sauti yoyote. Lori lilipanda kimya, theluji ikishuka kwa vipande vipana kama manyoya ya bata, miti ikipotea mmoja mmoja, hadi Kumazaki akawa hajui kama bado anakanyaga ardhi. Sumie alisinzia. Kitambaa cha harusi, chekundu na cheupe, kilichofungwa ubavuni mwa lori kilipepea taratibu, kama kitu kinachopumua majini. Baba mtu akawaza kwamba hata wasipofika, wakaendelea tu kupanda hivi, si vibaya.

Katikati ya mteremko wa mwisho, magurudumu yakaanza kuzunguka bure. Akachungulia kwenye kioo cha pembeni. Mabua yote yalikuwa yamesagika. Mafundo tu ndiyo yaliyobaki, imara kabisa, yamefunga hewa.

Juu langoni alisimama Mama Hosoe na mwavuli wake.

Sumie akafumbua macho. "Rudi kidogo, Baba, ujipange."

"Thubutu!"

"Utakaa hapa mpaka theluji iyeyuke na micheri ichanue?"

"Nitakaa."

Akaikandamiza breki kwa nguvu zote za mguu wake. Sumie akautazama ule mguu muda mrefu.

"Yule ng'ombe hakuwa na kosa, Baba," akasema. "Wala wewe."

Akafungua mlango, akakusanya nguo yake hadi magotini, akaruka chini na kupanda kwa miguu.

Lori, kama lililokuwa likimsubiri ashuke, likaanza kuteleza. Breki imekanyagwa, magurudumu yamekaza, nalo linarudi polepole, bila haraka, bila sauti, pamoja na kabati, magodoro na vyungu. Kupitia dirishani Kumazaki akamsikia binti yake huko juu, akihema:

"Mama, nimefika. Vyombo vimeona haya."

Mama Hosoe akalitazama lori linavyokwenda zake. Kisha akatazama miguu ya bi harusi.

"Theluji yote hii umekuja na soksi?"

"Viatu vimebaki chini."

"Ingia ndani, mpumbavu wewe! Ukikatika vidole nani atanibebea ndoo za soya?"

Akamkung'uta theluji mabegani kwa mkono wa kimono chake mwenyewe, akamtanguliza langoni.

Kumazaki akakumbuka wajibu wa baba wa bi harusi, kuwainamia wakwe kwa heshima. Akaondoa mikono kwenye usukani, akaiweka magotini, akainama hadi paji la uso likagusa usukani, huku akienda kinyumenyume. Alipoinua kichwa, hapakuwa na lango tena, ni weupe mtupu.