Sisimizi wa Juu na Gundi ya Shangazi

Shangazi yangu anavalisha sisimizi. Nikisema hivyo watu hucheka, lakini ndiyo kazi yake, mwaka wa ishirini na sita sasa, katika chumba cha mwisho cha jengo la kuhifadhia wadudu wa utafiti, ukishapita makabati ya vipepeo. Alianza hapo kwa kufagia. Siku moja mkubwa wa chumba alimwona akitunga uzi kwenye sindano mara moja tu, bila hata kuulamba uzi, akamwita, "Mama, hebu jaribu na hiki." Alikuwa anampa kibano na sisimizi mmoja mfu. Tangu siku hiyo ufagio ukapata mwenyewe mwingine, na yeye akapata jina la Bi Gundi.

Mlinzi wa mlangoni hamwachi. "Bi Gundi, leo umezika wangapi?"

"Mimi siziki, navalisha. Wewe ndiye nitakuzika, ukiendelea na hayo maneno."

Mimi humsindikiza asubuhi, mwanangu mgongoni, nimsomee lebo, maana herufi ndogo zimeanza kumkimbia. Sisimizi bado anawaona vizuri chini ya hadubini. Hivyo nimeijua kazi: kuvalisha ni kumpandisha mdudu mfu kwenye pini ili wasomi wamchunguze. Panzi unamchoma pini mgongoni, basi. Sisimizi ukimchoma atapasuka. Kwa hiyo unakata karatasi ngumu yenye ncha, pini inapita kwenye karatasi, na pale nchani unatia nukta ya gundi, ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Sisimizi anaegeshwa hapo kwa ubavu. Chini yake inakaa lebo: ametoka wapi, kimo gani cha mlima, tarehe gani, nani aliyemwokota. "Lebo ikipotea," shangazi husema, "huyo si sisimizi tena, ni uchafu wa mezani."

Ana desturi yake moja ambayo hakufundishwa na mtu. Sisimizi huja kwenye vichupa vya spiriti, na yeye hamalizi kichupa. Huacha wawili watatu ndani, huwaita wenyeji. "Nyumba haiachwi tupu," husema, na kichupa hurudi rafuni.

Wiki moja Mtaalamu alikuja mezani na trei mbili. Ni kijana mpole, msomi wa sisimizi, anamwita shangazi mama. Siku hiyo hakukaa.

"Mama, hawa wa mlimani wamenichanganya kichwa."

Alituonyesha. Sisimizi wa msituni, chini mlimani, ana kigamba kimesimama kiunoni, mviringo kama ukucha. Wa juu kabisa, kwenye mawe na baridi, kigamba chake kina pengo katikati, kama mtu amekimega. Mtaalamu alitaka kujua kama huyu wa juu ni aina peke yake au ni ndugu wa yule wa chini aliyepanda kilima. Lakini kwenye trei ya juu, pini sitini zina pengo, arobaini hazina. Na lebo zote zinasema juu.

"Kama hujachanganya vichupa," alisema, macho yakiwa kwenye trei, "basi hii alama haina maana, na mimi nimepoteza miaka miwili. Kama umechanganya..." Akainyoosha trei mezani. "Mkubwa anasema tutafute mtu mwenye macho mapya."

Shangazi aliweka kibano chini. "Sijawahi kufungua vichupa viwili kwa pamoja. Hata siku ya msiba wa mume wangu."

"Najua, mama."

"Hujui. Ungejua usingesema." Akasimama, akanigeukia. "Mwanangu, nenda rafuni. Niletee wenyeji."

Nilileta vichupa vyote vya juu. Mtaalamu aliwatoa wenyeji mmoja mmoja, akiwaweka kwenye kisahani chini ya hadubini. Ishirini na watatu. Tulisubiri. Mwanangu alinivuta sikio, nikamwacha avute.

"Wote wana pengo," Mtaalamu alisema mwishowe. "Hata mmoja hana mviringo."

Nilitaka kushangilia, kisha nikaona uso wa shangazi. Alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Ikiwa vichupa vya juu vina wenye pengo peke yao, wale arobaini wa mviringo wametoka wapi? Wenyeji aliowaita wamtetee ndio wamemshitaki.

Aliketi taratibu. "Basi labda ni macho," alisema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Alianza kukunja kitambaa chake cha kufutia kibano, mara nne, kama mtu anayefunga safari.

Mimi shule yangu ni ya msingi tu, na mbele ya wasomi hukaa kimya. Lakini hadubini ilikuwa wazi, na nilitaka kuwaona hao arobaini waliotuletea balaa. Nikainama. Nilimtazama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Viuno vyao vilimeta. Mwili wote umefifia kama vumbi, ila kiunoni kuna mng'ao, na mng'ao huo nilikuwa naujua. Nauona kila asubuhi.

"Shangazi," nikasema, "huyu kiuno chake ni kama kidevu cha mtoto maziwa yakimkaukia."

"Unasemaje?"

"Kinang'aa. Kama kuna kitu kimepakwa."

Alinisukuma kidogo kwa bega, akatazama. Alitazama muda mrefu. Kisha akamwambia Mtaalamu, "Nipe maji ya moto na kibrashi." Akalowanisha kiuno cha sisimizi mmoja, akangoja, akakigusa kwa unywele wa brashi. Tena. Akasogea pembeni.

"Tazama, mwanangu."

Mtaalamu akatazama. "Pengo," alinong'ona. "Pengo hili hapa!"

"Ni kopo jipya," shangazi alisema. "Gundi yake ilikuwa nyepesi, nikaona inachelewa kushika, nikawa naongeza. Imepanda ubavuni ikajaza pengo, ikakauka wazi kama kioo." Angeweza kuishia hapo na kulilaumu kopo. "Mficha uchi hazai. Kopo halina mkono. Mkono ni wangu."

Mtaalamu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mama, hukuchanganya hata mmoja!"

"Sikuchanganya. Nimewapaka. Kamwambie mkubwa yote mawili."

Alikwenda kumwambia. Jibu lilirudi mchana: Bi Gundi abaki mezani, awaoshe wote arobaini, na kila mmoja aongezewe lebo ya pili, kwa kuwa lebo ya kwanza haiondolewi kamwe. Lebo hiyo iseme gundi iliondolewa lini na nani. Miaka yote pini zilibeba jina la aliyeokota na jina la msomi. La anayevalisha halikuwahi kuwepo.

"Sasa ndiyo nimeandikwa," alisema shangazi, "tena kwa kosa."

Tuko kwa wa kumi na saba sasa. Yeye anaosha, mimi naandika lebo. Mtaalamu bado hajasema kama sisimizi wa juu ni aina peke yake. Anahesabu vinyweleo vya mashavuni, na kila siku anakuja na swali jipya. Jana nilimuuliza hilo pengo linamfaa nini sisimizi huko kwenye baridi.

"Sijui," alisema. "Hakuna anayejua."

Shangazi hakuinua kichwa. "Basi endelea kuuliza, mama mtoto. Ila shika hiyo lebo vizuri, unaitia jasho."