Wanakwaya Wamemwamulia Rehema Wangu

Jamani, leo nimezuiwa mlangoni mwa kanisa kwa sababu ya mtu ambaye hayupo duniani!

Mnajua nilivyowachosha na habari za riwaya yangu ya Rehema na mchumba wake dereva tangu nihamishiwe kufundisha huku Mbekenyera.
Ukweli ni kwamba nimeandika sura mbili tu. Zilizobaki humsimulia Mama Beata, mwenye nyumba wangu, jioni tukibangua korosho.

Kumbe naye huwasimulia wanakwaya wenzake.

Leo baada ya misa wamenizunguka.
"Mwalimu, Rehema ameolewa na yule dereva?"
Nikasema bado sijaamua.
"Hujaamua? Basi sisi tumeshaamua. Amemkataa, amekwenda Nachingwea kusomea uuguzi."

Uuguzi! Rehema wangu anaogopa damu!

Nimerudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Hata chai sijanywa, nikakaa na kuandika sura ya tatu yote.

Sasa hivi nimetoka kuchota maji, nikamkuta Mama Beata ameketi kibarazani ananisubiri.
"Rehema amefikia wapi?"
"Anapanda basi, mama."
"La Nachingwea?"

Nimeingia ndani haraka na ndoo yangu, maana ndilo hilo hilo.

Chekeni tu, ila sura ya tatu ninayo.