Nilienda Nyakach kutafuta shamba la babu, nikalipata kwa jiwe la kusagia

Wakuu, hamjambo. Na nyinyi mnaosoma tu bila kusema kitu, pia hamjambo.

Mimi ni nyanya wa wajukuu kumi na mmoja na wote wamesoma kunishinda. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona makosa yarukeni kama matope. Lakini haya sikusimuliwa. Niliyaona kwa macho yangu.

Ilikuwa miaka ya themanini kuelekea mwisho. Nilikuwa nimeolewa Muhoroni, na baba yangu alikuwa na shamba lake la miwa huko huko. Watu walimwita mtu wa Muhoroni. Yeye alijua si kweli.

Alizaliwa Nyakach, upande wa Katito. Babu alikufa baba akiwa bado ananyonya. Kwetu mjane anarithiwa na shemeji. Nyanya akakataa. Si kukataa kwa aibu, alikataa watu wakisikia! Akamfunga mtoto mgongoni, akarudi kwa wazazi wake. Shamba likabaki kwa shemeji.

Sasa baba amezeeka, kifua kinapiga filimbi, akaniita. Ndugu zangu wawili walikuwa wameshakufa, nimebaki mimi tu.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "sijawahi kuona kaburi la baba yangu. Nikifa nikikutana naye nitamwambia nini?"

Nikamuuliza nitajuaje mahali. Nyumba ya udongo inaanguka, boma linageuka mahindi.

Alikuwa na alama moja tu, aliyopewa na mama yake. Jiwe lake la kusagia aliliacha pale, na jiwe la mwanamke halibebwi na mtu hata akiondoka. Tena nyanya alikuwa wa mkono wa kushoto, kama mimi. Jiwe lake lilikuwa limelika upande mmoja.

Basi nikaenda. Soko la Katito nikakaa na mama mmoja wa kuuza nyungu, nikamwelezea. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Yule aliyemkataa shemeji? Hiyo hadithi mama yangu alikuwa anatutishia nayo! Boma ni lile pale juu, kwa Okech. Ni mtoto wa huyo shemeji."

Wakuu, hapa ndio nilikosea. Mimi mdomo wangu hauna mlango. Niliingia kwa Okech, hata maji sijaomba, nikanyoosha kidole: "Hapa ni kwetu."

Na wakati huo watu walikuwa na title mpya mpya za mashamba, wanalala juu yake.

Okech akasimama. "Mwanamke ameolewa na bado anatafuta shamba kwa babu yake? Kwani bwana amekufukuza?"

"Bwana yangu ako Muhoroni anakula anashiba. Ningefukuzwa ningekuja na godoro."

Akaita mbwa.

Nikitoka mbio, nikaona nyuma ya jikoni jiwe kubwa, kuku wanakunywa ndani yake maji ya mvua. Limelika upande mmoja. Siku hiyo, mara ya kwanza maishani, nilinyamaza.

Baba nilimwambia nimekosa njia. Sikutaka afe na hasira.

Wiki mbili baadaye nikarudi na mkebe wa gorogoro umejaa wimbi, kichwani. Mambo ya shamba sikutaja. Okech hakuwepo. Nikamsalimia mkewe, Min Atieno, yaani mama Atieno, nikamwomba maji, nikaosha mavi ya kuku kwenye lile jiwe. Nikapiga magoti, nikaanza kusaga.

Mkono wangu uliingia pale kama mguu kwenye kiatu cha zamani.

Min Atieno akaja kusimama juu yangu. "Wee mama! Hilo jiwe limenishinda tangu niolewe. Unga unakimbilia kando. Wewe umefanyaje?"

"Ni la mtu wa kushoto," nikamwambia. "Ni la mama ya baba yangu."

Akaenda kumwita bwana yake shambani. Okech akaja na jembe begani. Akaliweka chini, akaniangalia nikisaga. Halafu akasema, "Njoo."

Akanipeleka katikati ya mahindi. Kulikuwa na mahali padogo kama kitanda, nyasi tupu, hapajawahi kuguswa na plau.

"Mzee wangu alituambia ng'ombe wazunguke hapa. Tukimuuliza kwa nini, anakasirika."

Nikamwambia ukweli: "Baba yako alimeza shamba lote, kaburi likamkwama kooni."

Nilingoja mbwa aitwe. Hakuita. Akauliza, "Sasa unataka nini?"

"Nataka mzee wangu asimame hapa. Wewe lima."

Baba tulimleta baada ya mavuno. Alivua viatu, akasimama kwenye zile nyasi. Akasema, "Baba, nimechelewa." Basi. Akakohoa mpaka Okech akamshika mkono, akamwita kaka, akamkalisha.

Mvua iliyofuata hakuiona. Tulimzika Muhoroni, kwa boma lake, kama inavyotakiwa.

Kwa matanga Min Atieno akaja na mzigo wa unga wa wimbi. Akaniwekea mapajani.

"Nimeusaga kwa lile jiwe," akasema, "kwa mkono wa kushoto. Umenichukua siku mbili na bega limekufa."

Tulipika uji wa unga huo, watu wakanywa.

Najua kuna wajanja humu watasema mimi mjinga, ningeenda kortini. Labda. Lakini baba hakuniomba ekari.

Nilichojifunza ni hiki: ukienda kutafuta kwenu, kidole weka mfukoni, ingia na kitu cha kufanya kwa mikono.

Haya, semeni. Nani amewahi kufika kwa babu yake akaitiwa mbwa? Na wewe uliyekalia shamba la mtu, kuna mahali uliambiwa usilime?